Ndege inapotua: Ugumu wa njia za kushukia na usalama wa watazamaji Ukambani

MKAZI wa Kibwezi, Makindu au Emali akiinua macho angani wakati wowote wa mchana hakosi kuona ndege ikikata anga kutoka Mombasa kuelekea Nairobi. Huenda asijue kwamba ni hapo, juu ya kaunti ya Makueni, ambapo rubani huanza kupunguza mwinuko ili kujiandaa kutua katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA).

Naye mkazi wa Kitui huona ndege ndogo zikija kutua katika kiwanja cha mji huo, ama helikopta zikishuka katika viwanja vya shule misimu ya siasa, harusi na mazishi. Watu hukimbilia kuzitazama kwa karibu. Watoto huwa mbele, wazee nyuma yao, na mbuzi waliokuwa wakilishwa kando hutawanyika kwa kishindo.

Kutazama ndege ikitua ni burudani isiyo na kiingilio. Hata hivyo, hatua hiyo ya mwisho ya safari ndiyo humtaka rubani awe makini kupita zote, na ndiyo pia inayoweza kumdhuru mtazamaji asiyejua mahali pa kusimama. Makala haya yanaeleza jinsi ndege inavyoshuka, mambo yanayoifanya njia ya kushukia kuwa ngumu katika nchi yenye milima na joto kama yetu, na kanuni ambazo mtazamaji anapaswa kuzifuata.

Hesabu ya kushuka

Ndege kubwa ya abiria haishuki ghafla kama mwewe anayenyakua kifaranga. Hushuka polepole kwa mteremko wa nyuzi tatu hivi. Maana yake ni kwamba katika kila mita 100 inazosonga mbele, hupoteza mita tano tu za mwinuko.

Kwa hesabu hiyo, ndege iliyo mita 10,000 angani huhitaji kilomita 160 hivi ili kushuka hadi usawa wa JKIA, ambao wenyewe uko mita 1,624 juu ya bahari. Ndiyo sababu safari ya kutoka Mombasa huanza kuteremka ikiwa maeneo ya Makindu, ilhali abiria bado hawajamaliza vinywaji vyao.

Inapobakia kilomita moja kufika mahali magurudumu yatakapogusa chini, ndege huwa mita 52 tu juu ya ardhi. Inapovuka mwanzo wa njia ya kurukia huwa mita 15 hivi. Huo ni urefu usiofikia ule wa mbuyu mkubwa, miti ambayo imetapakaa kutoka Kibwezi hadi Mutomo. Kasi yake wakati huo ni karibu kilomita 250 kwa saa au zaidi kwa ndege kubwa, na kilomita 140 hivi kwa ndege ndogo yenye injini moja inayobeba abiria kumi au zaidi kidogo.

Katika viwanja vikubwa, mitambo iliyo ardhini hutuma mawimbi ya redio yanayomwonyesha rubani iwapo yuko juu au chini ya mteremko huo, na iwapo amekengeuka kushoto au kulia. Katika viwanja vidogo vya mashambani hakuna mitambo ya namna hiyo. Rubani hutegemea macho yake, vipimo vilivyo mbele yake na ujuzi alioupata kwa kutua hapo mara nyingi.

Joto na hewa nyepesi

Jambo la kwanza linalowatatiza marubani wa bara ya Kenya ni hewa yenyewe. Mabawa huibeba ndege kwa kuusukuma upepo unaopita juu na chini yake. Hewa ikiwa nzito, kazi huwa rahisi. Hewa ikiwa nyepesi, ndege hulazimika kwenda kasi zaidi ili ibebwe na nguvu ile ile.

Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda juu. Katika mwinuko wa mita 1,000, uzito wake huwa umepungua kwa karibu asilimia 10 ukilinganisha na pwani. Joto nalo huizidishia wepesi.

Chukulia mji wa Kitui, ulio katika mwinuko wa mita 1,100 hivi. Alasiri ya mwezi wa Februari, joto likifika nyuzi 32, ndege huhisi kana kwamba inatua mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kasi yake halisi inapogusa ardhi huwa imeongezeka kwa asilimia 10 hivi, na umbali inaouhitaji ili isimame huongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Wakati wa kupaa hali huwa ngumu zaidi, kwa kuwa injini yenyewe pia hupungukiwa na hewa ya kuchoma mafuta.

Hii ndiyo sababu njia kuu ya JKIA ina urefu wa zaidi ya mita 4,000. Ni sababu pia ya marubani wa ndege ndogo kupendelea kusafiri asubuhi na mapema kabla ya jua kuwa kali. Abiria anayeambiwa apunguze mizigo au asafiri alfajiri asidhani ananyanyaswa. Hesabu ya hewa ndiyo imeamua.

Milima iliyofichwa na mawingu

Jambo la pili ni milima. Katika kaunti ya Makueni, vilima vya Mbooni na Kilungu hufika mita 1,900 juu ya bahari, ilhali nyanda za chini zilizo karibu navyo ziko chini ya mita 1,000. Vilima vya Chyulu, kwenye mpaka wa magharibi, hufika mita 2,188. Kitui nako, ardhi huanzia mita 400 katika nyika ya mashariki na kupanda hadi mita 1,830 kwenye vilele vya milima.

Kati ya Juni na Agosti, mawingu mazito na manyunyu huvifunika vilima hivyo asubuhi. Mkulima wa Mbooni huifurahia hali hiyo kwa kuwa huihifadhi rutuba ya shamba lake. Rubani huiona kuwa ukuta asioweza kuupenya kwa macho.

Historia ya nchi hii ina mifano mingi ya huzuni. Mnamo Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa la Kenya aina ya Y-12 iligonga mlima ikijaribu kutua Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 waliangamia, miongoni mwao wabunge waliokuwa katika ujumbe wa amani, akiwemo Dkt Bonaya Godana na Mirugi Kariuki.

Mnamo Juni 5, 2018, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kuelekea JKIA iligonga milima ya Aberdare. Watu wote 10 waliokuwemo walifariki.

Ajali kama hizi hutokea ndege ikiwa bado inaweza kuruka vyema. Kosa huwa ni kutojua kwa hakika ardhi iko umbali gani. Kwa sababu hiyo, kila njia ya kushukia iliyopangwa rasmi huwa na mwinuko wa chini kabisa ambao rubani haruhusiwi kuuvuka kabla ya kuiona njia ya kurukia kwa macho. Asipoiona, hana budi kughairi, apae tena na kujaribu upya au aende uwanja mwingine.

Jumbo iliyokaribia kugusa nyika

Uwanja wa Nairobi wenyewe, ulioanza kutumika mwaka wa 1958 ukiitwa Embakasi na kupewa jina la Jomo Kenyatta mwaka wa 1978, haukuzungukwa na vilele vya kutisha. Ugumu wake uko katika mwinuko wake, jambo ambalo mgeni anaweza kulisahau.

Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea Septemba 3, 1974. Ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilikuwa ikishuka kuelekea Nairobi. Waongozaji waliiruhusu ishuke hadi futi 7,500 juu ya usawa wa bahari. Marubani wakaelewa kuwa ni futi 5,000, nao wakaiteremsha kwa kipimo hicho.

Kosa hilo lisingekuwa hatari kubwa katika uwanja ulio kando ya bahari. Nairobi, ambako uwanja uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari, futi 5,000 ni chini ya ardhi. Ndege hiyo ilitokeza chini ya mawingu na marubani wakaiona nyika mbele yao. Waliivuta juu ikiwa imebakia kama futi 70, sawa na mita 21, kabla ya kugonga ardhi. Hakuna aliyeumia, na abiria wengi huenda hawakujua jinsi walivyoponea chupuchupu.

Haikupita miezi mitatu kabla ya msiba halisi kutokea. Mnamo Novemba 20, 1974, Boeing 747 ya shirika la Lufthansa ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka uwanja huo huo. Sehemu za mbele za mabawa ambazo hufunguliwa ili kuongeza nguvu ya kuinua hazikuwa zimefunguliwa. Kati ya watu 157 waliokuwemo, 59 walifariki. Hiyo ndiyo iliyokuwa ajali ya kwanza ya vifo kwa ndege za aina hiyo duniani.

Tangu miaka hiyo, vifaa vimeboreshwa sana. Ndege za kisasa za abiria hubeba mtambo unaomwonya rubani kwa sauti pindi ardhi inapokaribia, na rubani hutakiwa kurudia kwa mdomo kila nambari anayopewa na mwongozaji ili wote wawili wahakikishe wanaelewana.

Viwanja vya murram

Katika viwanja vidogo, matatizo ni ya aina nyingine. Mara nyingi njia huwa ya murram au nyasi, fupi, na isiyo na uzio. Baadhi huwa na mteremko au mlima upande mmoja, hivi kwamba ndege hutua ikielekea upande mmoja tu na kupaa kwa upande wa pili, hata kama upepo haupendelei.

Kwa kawaida rubani hupenda kutua akiukabili upepo, kwani humpunguzia kasi. Ndiyo maana kando ya kiwanja huwekwa mfuko mrefu wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea na nguvu zake. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, ndege huonekana ikija mshazari, pua yake ikielekea kando. Mtazamaji asishtuke, rubani huinyoosha dakika ya mwisho kabla ya magurudumu kugusa chini.

Mvua za Oktoba hadi Disemba, ambazo wakulima wa Ukambani huzitegemea kuliko zile za Machi hadi Mei, huigeuza njia ya udongo kuwa tope. Magurudumu yakizama, ndege inaweza kupinduka. Wakati wa kiangazi nao vumbi huinuka, na wanyama huja kutafuta malisho kandokando.

Ndiyo sababu rubani anayetua mahali kama Ithumba, kusini mwa Kitui ndani ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, anaweza kupita mara moja chini chini bila kutua. Huwa hana nia ya kuwatumbuiza watazamaji. Huangalia iwapo kuna ndovu, punda milia au watu kwenye njia, na hali ya udongo ilivyo. Akiridhika, huzunguka na kurudi kutua.

Kazi ya namna hii ina historia ndefu katika nyika hii. Katika miaka ya 1930, rubani Beryl Markham alitumia ndege ndogo kutafuta ndovu kutoka angani kwa niaba ya wawindaji, na baadaye akaeleza safari zake katika kitabu chake West with the Night kilichochapishwa mwaka wa 1942. Mtangulizi wake katika kazi hiyo, Denys Finch Hatton, alifariki Mei 14, 1931 ndege yake ilipoanguka mara tu baada ya kupaa kutoka Voi.

Siku hizi ndege hizo ndogo hutumika kuwalinda ndovu badala ya kuwawinda. Isitoshe, huduma ya madaktari wa angani ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka wa 1957, imekuwa ikiwabeba wagonjwa mahututi kutoka viwanja vya mashambani hadi Nairobi. Kwa mgonjwa kama huyo, kiwanja safi kisicho na mifugo kinaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti. Rubani akilazimika kuzunguka angani kwa dakika 15 akisubiri ng'ombe waondolewe, muda huo hautoki kwake bali kwa mgonjwa.

Mifano ya nje

Dunia ina viwanja vinavyosifika kwa ugumu wake. Kile cha Lukla nchini Nepal, ambako wakwea Mlima Everest huanzia safari, kiko mita 2,845 juu ya bahari na njia yake ina urefu wa mita 527 tu. Njia hiyo ina mteremko mkali: ndege hutua ikipanda kilima na kupaa ikiteremka kuelekea genge. Mwishoni mwake kuna ukuta wa mlima. Rubani akishakaribia, hawezi tena kughairi.

Mjini Hong Kong, uwanja wa Kai Tak ulifungwa Julai 1998 baada ya miaka mingi ya kuwatia abiria jakamoyo. Ndege zilielekea kilima chenye alama kubwa za miraba, kisha zikakata kona ya kulia chini chini juu ya maghorofa ya watu kabla ya kutua.

Karibu nasi, uwanja wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ulipoteza sehemu ya njia yake Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipoifunika. Marubani wakalazimika kutumia kipande kilichosalia.

Huko Bukoba, Tanzania, kiwanja kiko ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mnamo Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ikijaribu kutua katika mvua na hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi waliokuwa karibu, ambao walitumia mitumbwi yao kuwatoa abiria. Kisa hicho kinaonyesha kwamba wanaoishi kando ya kiwanja mara nyingi ndio waokoaji wa kwanza.

Kutazama kwa karibu

Hamu ya kutazama ndege si ya watoto pekee. Wazee wengi wa leo wanakumbuka roshani ya wageni pale Embakasi, ambapo familia zilizovalia nguo za Jumapili zilisimama kuwapungia mkono jamaa waliokuwa wakipanda ndege kwenda ng'ambo. Utaratibu huo haupo tena.

Kwa msafiri anayetoka Wote, Makindu au Kitui kwenda Nairobi, mahali pa kuziona ndege kubwa kwa karibu ni kwenye barabara kuu ya Mombasa baada ya kupita Mlolongo. Kwa kuwa upepo wa eneo hilo huvuma zaidi kutoka mashariki, ndege nyingi huja kutoka kusini-magharibi zikivuka barabara hiyo magurudumu yakiwa tayari yameteremshwa. Abiria ndani ya matatu ana bahati ya kuona. Dereva hana, jicho lake halina ruhusa ya kuiacha barabara.

Hatari ya kusogea karibu zaidi ilidhihirika katika kisiwa cha Saint Martin, bahari ya Karibi. Huko, ufuo wa Maho uko mkabala na mwanzo wa njia ya uwanja wa Princess Juliana, nao watalii hufurika kuona ndege zikipita juu ya vichwa vyao. Mnamo Julai 2017, mwanamke kutoka New Zealand alifariki baada ya kurushwa na upepo wa injini za ndege iliyokuwa ikipaa. Haikumgusa, pumzi yake tu ndiyo iliyomwangusha.

Hapa nchini, umati uliingia katika sehemu zilizozuiwa za JKIA Oktoba 16, 2025, siku mwili wa aliyekuwa Waziri Mkuu Raila Odinga ulipowasili kutoka India. Shughuli za uwanja zilisimamishwa kwa muda. Majonzi ya waombolezaji yalieleweka na kila mtu, lakini injini ya ndege haitambui mwombolezaji. Injini kubwa inayounguruma inaweza kumvuta mtu aliye mbele yake na kumrusha aliye nyuma.

Helikopta si za kuchezea

Katika Kitui na Makueni, watu wengi hukutana na helikopta kuliko ndege kubwa. Hutua penye watu, bila uzio wala askari wa kutosha, na kwa hiyo ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi.

Mapanga yake ya juu yanapopunguza mwendo huinama, na ncha zake zinaweza kufika usawa wa kichwa cha mtu. Rafadha ndogo ya mkiani huzunguka kwa kasi hivi kwamba macho hayaioni. Mtu anayezunguka nyuma ya helikopta ili kumsalimu mheshimiwa anaweza kuikanyagia mauti bila kuiona. Ikiwa helikopta imetua kwenye mteremko, upande wa juu wa mlima ndio hatari zaidi, kwa sababu ardhi ya upande huo iko karibu na mapanga.

Upepo wake nao huinua mchanga, mabati yaliyolegea, viti vya plastiki na mahema. Vumbi likitanda, rubani mwenyewe hupoteza uwezo wa kuiona ardhi katika sekunde za mwisho kabla ya kutua. Kuumwagia maji uwanja wa vumbi kabla ya helikopta kufika ni jambo dogo ambalo waandalizi wa hafla wanaweza kulifanya.

Nchi nzima ilishuhudia ujasiri usio na busara mnamo Mei 2016 mjini Bungoma, wakati mwanamume mmoja alipong'ang'ania chuma cha chini cha helikopta iliyokuwa ikipaa na kubebwa angani huku akining'inia. Alianguka na kuumia, ila akanusurika. Wako waliomcheka na wako waliomshangilia. Wachache walifikiria kwamba uzito wa mtu mmoja upande mmoja ungeweza kuiyumbisha helikopta hiyo na kuiangusha juu ya umati uliokuwa chini.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wanaoishi karibu na viwanja, na kwa walimu ambao shule zao hutumiwa na helikopta, yafuatayo ni ya msingi:

* Usisimame kwenye mstari wa njia ya kurukia, mwanzoni wala mwishoni. Simama ubavuni, mbali na ukingo wake. Ndege ikikosa kusimama hupita mbele. Upepo ukiisukuma huangukia kando ya njia.

* Usivuke njia ya kurukia kwa sababu tu ni tupu. Ndege ndogo inayoshuka injini ikiwa imepunguzwa husikika ikiwa tayari iko karibu sana.

* Usifunge wala kulisha mifugo kiwanjani. Mbuzi mmoja anaweza kuvunja gurudumu la mbele na kuipindua ndege.

* Usitupe takataka kando ya kiwanja. Huwavutia kongoro na ndege wengine wakubwa, ambao wakiingia ndani ya injini huiharibu.

* Usimulike rubani kwa mwanga wa leza wala kurusha droni karibu na kiwanja. Matumizi ya droni nchini yanaongozwa na kanuni za mwaka wa 2020, na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA) ndiyo yenye kutoa idhini.

* Kabla ya kujenga ghorofa au kusimamisha mlingoti karibu na kiwanja, tafuta idhini ya KCAA. Mlingoti usiokuwepo jana unaweza kuwa mtego kwa rubani anayeijua njia kwa mazoea.

* Helikopta ikitua, kaa mbali hadi mapanga yasimame kabisa. Ukiitwa kuikaribia, fika kutoka mbele ambako rubani anakuona, ukiwa umeinama na bila kofia wala mwavuli.

Ajali ikitokea, kazi ya kwanza ni kuokoa uhai: kuwatoa majeruhi iwapo hakuna moto, kuwaepusha watu na mafuta yaliyomwagika na kuzima sigara zote. Kisha polisi waarifiwe kupitia nambari 999 au 112. Vipande visiokotwe wala kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kila kipande, na pale kilipolala, huwasaidia wachunguzi kujua chanzo.

Wakazi wa kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, walionyesha mfano mwema katika tukio la aina yake. Mnamo Disemba 30, 2024, pete kubwa ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani. Wanakijiji waliwaarifu wakuu, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likafika na kueleza kwamba ilikuwa sehemu ya roketi. Haikuwa ndege, lakini funzo ni lile lile: kaa mbali, toa habari, waachie wataalamu.

Kwa mzazi wa Kitui au Makueni, hakuna haja ya kumkataza mtoto asitazame ndege. Marubani wengi walianza kuipenda kazi yao wakiwa nje ya uzio wa kiwanja, shingo zikiwa zimeinuliwa juu. Kinachohitajika ni mtu mzima wa kumshika mkono, kumsimamisha ubavuni mwa njia, na kumweleza kwa nini pale mbele, palipo na mandhari mazuri zaidi, si mahali pa kusimama.